Nani Anawachagulia Nyimbo?

Mmeangalia namna redio FM za biashara zinavyorudilia nyimbo zilezile, asubuhi, mchana na jioni? Juu ya nini? Redio ya namna ile inaishi kwa feza za matangazo. Mwenye kulipa anataka wasikilizaji wengi, na redio inaogopa kuwapoteza kwa wimbo wasioujua. Basi mwanamuziki mgeni anakosa mlango.

Huko Marekani jambo hili lilionekana wazi. Mwaka 1996 sheria mpya iliondoa mpaka wa hesabu ya redio ambazo kompani moja inaweza kuwa nazo mu inchi nzima. Nyuma ya miaka michache, kompani Clear Channel peke yake ilikuwa na redio zaidi ya 1,000. Miji ni mbalimbali, lakini nyimbo zinafanana.

Lakini njia ingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Tarehe 7 Novemba 1994, WXYC, redio ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Chapel Hill, ilianza kupitisha vipindi vyake kwa intaneti. Mwaka 2000, Rusty Hodge alianzisha SomaFM ku San Francisco. Hii haina antena, haina matangazo ya biashara. Wasikilizaji wenyewe njo wanaitegemeza kwa michango yao. Wenye kuchagua nyimbo ni watu wanaopenda muziki, nao wanapiga hata za wanamuziki wasiojulikana. Mwaka 2002 malipo ya haki za nyimbo yalipanda, ikanyamaza kwa muda, kisha ikarudi.

Vijana, telefone yenu inaweza kufika kule. Lakini muhesabu kwanza: redio inayopita kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu mega 58 kila saa. Ile ya kilobiti 64 inakula nusu yake. Usiku mzima, na mega za mama zimekwisha!

Kwa hiyo fanyeni hivi: telefone moja, jamaa nzima, nusu saa. Mukisikia wimbo mzuri, muandike jina la mwimbaji ku kikaratasi, mumutafute kesho. Ninyi wazazi, msikatae mbele ya kusikiliza. Wimbo mgeni si lazima uwe mbaya, wala si lazima uwe mzuri. Lakini safari hii mutakuwa mumeuchagua wenyewe.