Waziri Aliyefungua Malango ya Jela

Septemba 2000, wafungwa sita wa gereza la King'ong'o mjini Nyeri walikufa. Wakuu wa gereza walieleza kwamba walikuwa wakijaribu kutoroka. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kuwa walipigwa. Siku zile mwandishi wa habari hakuwa na njia rahisi ya kuingia jela ya Kenya akajionea mwenyewe, na yaliyotendeka ndani yalibaki ndani.

Moody Awori alipokabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani Januari 2003, katika serikali mpya ya Mwai Kibaki, alianzia langoni. Sera yake ya milango wazi iliwaruhusu waandishi na watetezi wa haki za binadamu kuingia, kuona na kuuliza. Wafungwa waliozoea kulala sakafuni wakapata magodoro na blanketi. Televisheni zikaingia gerezani. Septemba mwaka huohuo akawa Makamu wa Rais, lakini magereza hakuyaacha.

Wako waliolalamika kwamba jela inageuzwa hoteli. Hawakuwa na hoja. Hakimu anapomfunga mtu humnyima uhuru wake. Hakuna hukumu inayoagiza alale kwenye saruji tupu.

Wengi hudhani waziri wa magereza anaweza kumtoa mtu kifungoni kwa kupiga simu. Hawezi. Kufunga ni kazi ya mahakama. Kusamehe ni kwa Rais, na Ibara ya 133 ya Katiba ya 2010 inamtaka afuate ushauri wa kamati ambayo waziri mwenye dhamana ya magereza ni mmoja wa wajumbe wake. Uendeshaji wa kila siku uko kwa Kamishna Jenerali. Kinachobaki kwa waziri ni sera, kuipigania bajeti, na kujibu mambo yanapoharibika. Ni kidogo kwenye karatasi, lakini magodoro yale yalitokana na hicho kidogo.

Mageuzi hayo yalikuwa na upande uliosahaulika: askari jela. Wao na familia zao waliendelea kuishi katika nyumba mbovu zilizobanana, wakiona mfungwa anashughulikiwa na wao wanapitwa. Aprili 2008, Awori akiwa ameshaondoka na wizara ikiwa mikononi mwa Kalonzo Musyoka, waligoma wakidai marupurupu. Serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza hali ya magereza. Gereza halitengenezeki kwa kumwangalia aliye ndani ya seli peke yake. Anayeshika ufunguo naye ana mke, watoto na kodi za kulipa.

Tangu 2013 magereza ya Kenya yako chini ya wizara ileile inayobeba usalama wa ndani. Hilo linatia wasiwasi. Waziri anayeamka na taarifa za ujambazi na mashambulizi ya mpakani ana nafasi ndogo ya kufikiria choo cha mahabusu.

Wafungwa wenyewe hawana wa kumsukuma. Uchaguzi mkuu wa kwanza waliopiga kura ulikuwa wa 2017, lakini kura yao ni ya urais tu, mbunge hawamchagui. Kwa hiyo hakuna mbunge anayehofia kuwapoteza akishindwa kuuliza kama maji yanatoka katika gereza la Kamiti, au kama dawa zimefika katika lile la Shimo la Tewa.