Mboga chungu, malaria na jeni ya MTHFR

MGAGANI, ambao Waluo huuita dek, ni mchungu. Kwa hiyo mpishi huuchemsha, akamwaga maji, akachemsha tena kabla ya kutia maziwa. Utamu hupatikana, lakini maji yaliyomwagwa huondoka na foleti, vitamini inayoyeyuka majini na isiyostahimili moto wa muda mrefu.

Mwilini, foleti hutegemea jeni iitwayo MTHFR, iliyoko kwenye kromosomu ya kwanza. Jeni hii hutoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoiandaa foleti ili homosisteini igeuzwe methionini. Methionini nayo huupa mwili methili, zinazotumika, pamoja na kazi nyingine, kuwasha na kuzima jeni. Foleti ikipungua, homosisteini hurundikana damuni.

Mwaka 1995 watafiti wa Montreal, Canada, walieleza aina ya jeni hii ambayo kimeng'enya chake ni kizembe. Mwanamke aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ana hatari zaidi ya kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Aina hiyo imeenea Italia na Mexico, lakini ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Msomaji wa Nairobi anayetaka kulipia kipimo chake afadhali anunue kunde.

Huko Sori, ukingoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, tatizo ni malaria. Mjamzito wa maeneo ya ziwa hupewa kliniki vidonge vya SP, dawa inayomzuia kimelea kujitengenezea foleti. Je, mama akimeza asidi ya foliki kwa wingi? Kimelea naye hufaidi! Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa SP ilishindwa mara nyingi zaidi kwa wajawazito waliomeza miligramu 5 kwa siku, lakini si kwa waliomeza 0.4. Shirika la Afya Duniani hupendekeza 0.4.

Shida nyingine ni wakati. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 hivi za kwanza, mama wengi wakiwa hawajajua wana mimba. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa viwandani uongezwe vitamini hii, ila mahindi ya debe yanayosagwa kwenye kinu cha mtaani hayaongezwi kitu. Anayepanga kuzaa aanze vidonge vya miligramu 0.4 angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na akipewa vya 5 pamoja na SP, amuulize muuguzi sababu.