Upepo Nao Hufinyanga Ardhi

Upepo hauna mikono, lakini huchonga na hujenga. Mahali penye majani na miti, nguvu zake huishia kwenye matawi, na mizizi huushika udongo. Jangwani ardhi ni tupu. Hakuna wa kuuzuia.

Kazi yake huanza kwa kupepeta. Vumbi jepesi hupaa na kwenda mbali, pengine hata kuvuka bahari. Mchanga ni mzito; hurukaruka chini chini, aghalabu bila kuzidi mita moja kutoka ardhini. Ndiyo maana baadhi ya miamba ya jangwani imeliwa upande wa chini, ikabaki kama uyoga. Kokoto zisizobebeka huachwa zimetanda kama sakafu.

Mchanga ukipata kizuizi hujikusanya kuwa kilima. Hapa kwetu mfano upo karibu na Bonde la Olduvai, Ngorongoro: kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kilichotokana na majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Punje hupanda mgongo wake taratibu, kisha huporomoka upande wa pili. Hivyo kilima kizima husogea kuelekea magharibi takriban mita 17 kwa mwaka.

Watalii hukitazama kwa furaha. Lakini upepo huo huo hupita pia kwenye malisho yaliyolishwa kupita kiasi na mashamba yaliyoachwa bila majani. Huko hupepeta kwanza udongo laini wenye rutuba, ule unaotupatia unga wa ugali sisi wa mijini. Ukishapeperuka haurudi. Kinga ya kwanza ni kutoiacha ardhi uchi.