Homa ya Papasi katika Nyumba za Tembe za Singida

Miongoni mwa majina ya maradhi katika Kiswahili, machache hutaja chanzo cha ugonjwa kwa uwazi kama "homa ya papasi". Neno la kwanza lasema anachokiona mgonjwa; neno la mwisho lamtaja mdudu aliyemwambukiza. Hata hivyo jina hilo, ingawa ni sahihi, halimalizi habari. Papasi huweza kuwamo katika nyumba kumi za kijiji kimoja, na bado wakaaji wake wasiugue wote, wala wanaougua wasiugue kwa kadiri moja. Kwa nini huyu augue na jirani yake asiugue? Swali hilo ndilo msingi wa epidemiolojia. Taaluma hii mara nyingi hufasiriwa kuwa ni elimu ya magonjwa ya mlipuko, na mfano wa Singida waonyesha jinsi fasiri hiyo ilivyo finyu.

Mkoa wa Singida umo katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania. Huko, kama ilivyo kwa jirani zao wa Dodoma, watu kwa desturi walijenga tembe: nyumba yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo, sakafu ya udongo, na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo pia. Nyumba hiyo yafaa sana kwa nchi yenye jua kali na miti mirefu michache. Lakini nyufa za kuta zake na vumbi la sakafu yake ndiyo maskani ya papasi, kupe mwenye ngozi laini. Mchana hujificha, usiku hutoka, akafyonza damu ya aliyelala kwa muda usiofika saa moja, kisha akarudi ufani. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa haiwi salama kwa sababu tu imekaa tupu.

Mwaka 1904 Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walitangaza kuwa wameona viini vya homa hiyo katika damu ya wagonjwa. Mwaka uliofuata Dutton na Todd walithibitisha huko Kongo, ambako mdudu huyo huitwa kimputu, kwamba ndiye aenezaye ugonjwa. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo na kufariki Kongo mwaka huohuo wa 1905. Kiini chake, bakteria mwembamba aliyejisokota, kikaitwa Borrelia duttonii kwa ukumbusho wake. Wakati uleule Robert Koch alikuwa akichunguza jambo hilo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aligundua kwamba papasi jike hurithisha viini kwa mayai yake. Aligundua pia kwamba papasi wenye viini walikuwako si katika vituo vya misafara tu, bali hata katika vijiji vilivyo mbali na njia, ambako watu wazima walionekana wazima. Alieleza kuwa wenyeji hao walikuwa wameupata ugonjwa tangu utotoni na kujenga kinga. Mgeni aliyelala usiku mmoja aliugua vibaya. Mwenyeji aliyelala humo maisha yake yote hakuonekana kuugua.

Hapo zadhihirika nyuzi tatu ambazo epidemiolojia huzifuata. Uzi wa kwanza ni wa kijamii: aina ya nyumba, uwezo wa kununua saruji na mabati, umbali wa kwenda zahanati, na safari za kutafuta kazi. Wa pili ni wa mwenendo wa maisha: kulala chini au kitandani, kutumia chandarua kilichochomekwa vizuri au kutokitumia, kulaza mifugo ndani au nje. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta bakteria wa jamii hiyo katika damu ya kuku na nguruwe wa Tanzania ya kati. Kwa hiyo mahali walalapo mifugo si jambo la kupuuzwa. Wa tatu ni wa kibiolojia. Kiini hubadili vazi lake la nje kila mwili unapolitambua, na ndiyo sababu homa huondoka ikarudi. Mtoto mchanga bado hana kinga, na mama mjamzito huwa katika hatari kubwa ya kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati.

Nyuzi hizo hazitenganishwi kwa kutazama tu. Akaaye katika tembe mara nyingi pia ana kipato kidogo, yuko mbali na tabibu, na hulala chini. Lipi kati ya hayo ndilo limdhurulo? Mchunguzi hulinganisha wagonjwa na wenzao wasiougua, wenye umri na kipato cha namna moja, kama Doll na Hill walivyofanya London katika uchunguzi wa saratani ya mapafu na tumbaku uliochapishwa mwaka 1950. Au huwafuata watu wazima kwa wagonjwa miaka kadhaa, akihesabu. Wataalamu wa lugha waijua hadhari hiyo. Neno "papasi" lashabihiana na kitenzi "papasa", lakini mshabaha peke yake si ushahidi wa asili ya neno. Kadhalika mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine.

Faida ya uchunguzi huo ni ya maisha na mauti. Homa ya papasi hutibika kwa dawa kama penisilini na tetrasaiklini, lakini dalili zake hufanana na za malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kiini chake. Huonekana damu ipimwapo kwa hadubini. Mhudumu ajuaye kwamba mtoto mwenye homa hulala katika tembe ana sababu ya kuagiza kipimo cha pili.

Homa hii haikuja Singida kwa kishindo. Imekaa ndani ya kuta, ikichukua watoto wachanga na mimba mojamoja. Istilahi iitajayo epidemiolojia kuwa elimu ya "mlipuko" yaiacha nje. "Elimu ya mtawanyo na visababishi vya maradhi" ni ndefu zaidi, lakini ndani yake mna nafasi ya tembe, ya papasi, na ya mama aliyelala humo.