Kwa Nini Mdomo wa Bastola Hupanda

Bastola inapofyatuliwa, risasi huenda mbele na silaha hurudi nyuma, kama isemavyo kanuni ya tatu ya Newton. Lakini mtutu umekaa juu ya kiganja kinachoizuia. Kwa hiyo msukumo huo hupata wenzo, na mdomo hupanda. Katika mashindano ya kasi, kuusubiri ushuke ni hasara.

Wapigaji shabaha wa Urusi ya Kisovieti waliufupisha wenzo wenyewe. Huko Melbourne, mwaka 1956, walitumia bastola yenye mtutu ulioshushwa hadi usawa wa mkono. Baadaye sheria ziliipiga marufuku.

Njia nyingine ni kuitumia gesi ya baruti. Mbele ya mtutu hufungwa kipande cha chuma chenye matundu upande wa juu. Gesi ikiruka juu, chuma husukumwa chini. Na tupige hesabu. Risasi ya gramu 8 iendayo mita 400 kwa sekunde ina momenta ya kilogramu-mita 3.2 kwa sekunde. Gesi ya gramu 0.6, tukiikadiria mita 1,200 kwa sekunde, ina 0.72 tu, wala haigeuzwi yote. Hapo ndipo lilipo jambo la ajabu: risasi ikifanywa nyepesi na baruti ikaongezwa, huku momenta ya risasi ikibaki ileile inayotakiwa na sheria, mdomo hupungua kupanda, kwani gesi ya kuusukuma chini imezidi. Mlio nao huzidi, na anayeujua vizuri ni yule asimamaye kando.