Alipopungua kilo 38, wenye mali walidhani anakufa

Upasuaji wa kupunguza uzito hubadili tumbo, safari na hata mali kauli. Mfanyabiashara wa mpakani ajiandaeje?

Na Mwandishi Wetu, Namanga

Saa nne asubuhi, upande wa Tanzania wa mji wa Namanga, mama mmoja mwenye umri wa miaka 46 ameketi kwenye benchi la mgahawa, jirani na magari madogo yanayosubiri abiria wa Arusha. Mbele yake kuna mayai mawili ya kuchemsha. Anatafuna taratibu kama anayehesabu. Anamaliza moja na nusu, kisha sahani anamsogezea kijana aliyembebea mizigo.

"Zamani hapa nilikuwa napiga chapati nne na supu, halafu soda ya baridi ya kusukumia," anasema huku akicheka. "Sasa, mdogo wangu, nikizidisha hata kipande kidogo cha yai, kinarudi."

Kwa miaka 15 amekuwa akichukua nguo za watoto Eastleigh, Nairobi, na kuziuza Arusha. Miezi 14 iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito jijini Nairobi. Alikuwa na kilo 122. Leo ana kilo 84. Kisukari kilichomtesa kwa miaka sita kimetulia, na magoti hayamlazimishi tena kushika ukuta anapopanda ngazi za maduka ya jumla.

Hata hivyo, ameomba jina lake lisitajwe. Sababu si aibu ya upasuaji. Sababu ni biashara.

Mwili ulikuwa dhamana

Katika soko lake, mzigo mwingi hutolewa kwa mali kauli: unachukua leo, unauza, unarudisha fedha safari ijayo. Hakuna hati wala hakimu. Kinachotazamwa ni historia yako na, bila mtu kusema, afya yako. Mama mnene, mwenye sauti na hatua nzito, huonekana ameshiba na biashara yake imekaa sawa.

Alipoanza kupungua kwa kasi, minong'ono ilianza pande zote mbili za mpaka. Arusha walisema amekanyaga waya. Nairobi muuzaji wa jumla aliyemwamini kwa zaidi ya miaka kumi alimwita pembeni na kumwambia kwa upole, "Mama, safari hii naomba ulipe kwanza." Mwingine alidai deni la mzigo ambao muda wake ulikuwa haujafika.

"Walidhani nakufa na fedha zao," anasema. "Daktari aliniambia kuhusu tumbo, nywele na vitamini. Hakuna aliyeniambia kuhusu mali kauli."

Hapo ndipo simulizi yake inapowahusu wasomaji wa ukurasa huu. Siku ya upasuaji ni moja tu. Kazi kubwa iko kabla yake na baada yake, na kwa anayeishi kwa kuvuka mipaka, kazi hiyo inagusa mwili na biashara kwa pamoja.

Nani anafaa

Upasuaji huu haufanywi kwa ajili ya urembo. Daktari huanza kwa kugawanya uzito wako katika kilo kwa urefu wako katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama huyu ana urefu wa mita 1.65, kwa kilo 122, jibu lilikuwa karibu 45. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika duniani kilikuwa 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa baadhi ya wenye kisukari.

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Ya kwanza, aliyofanyiwa mama huyu, ni kukata na kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, kilichobaki kikawa chembamba kama mrija. Sehemu iliyokatwa hairudishwi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo cha ukubwa wa yai na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya njia yake ya kawaida.

Upasuaji huu usichanganywe na puto linalowekwa tumboni kupitia mdomoni, huduma ambayo imekuwa ikitolewa pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, Dar es Salaam. Puto halihitaji kukata tumbo, na huondolewa baada ya miezi kadhaa.

Maandalizi ya mwili

Kabla ya kupewa tarehe, mgonjwa hupimwa damu, moyo, sukari na ini. Wengi huingiziwa kamera kupitia kooni kuangalia vidonda na bakteria wanaovisababisha. Anayekoroma sana na kuamka amechoka hupimwa usingizi, kwa kuwa kusimama kwa pumzi usiku huongeza hatari wakati wa nusukaputi. Mvutaji hutakiwa kuacha sigara wiki kadhaa kabla.

Wiki mbili za mwisho huwa na mlo mkali: ugali, wali, chapati na sukari hupunguzwa sana. Wengi hudhani ni adhabu. Ukweli ni kwamba ini la mtu mnene mara nyingi hujaa mafuta, nalo hufunika sehemu ya mfuko wa chakula. Mlo huo hulipunguza ini ili daktari alinyanyue bila kulijeruhi.

Mama huyu anasema kilichomsaidia zaidi ni kufanya mazoezi ya ulaji mpya mapema. Alijifunza kutafuna kila tonge hadi lilainike kabisa, kuweka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na kutokunywa chochote wakati wa kula wala nusu saa baada ya kula. Kwa mtu aliyezoea kula haraka gari likipiga honi, hilo lilimchukua mwezi mzima.

Maandalizi ya biashara

Kosa analokiri ni kudhani angerudi kazini baada ya wiki mbili. Aliyefanyiwa upasuaji kwa matundu madogo huweza kutembea siku hiyo hiyo au kesho yake, lakini haruhusiwi kunyanyua vitu vizito kwa wiki nne hadi sita. Anayevuta marobota na kupandisha mabegi juu ya gari hana budi kupata mtu wa kumfanyia.

Safari ndefu nazo ni hatari wiki za mwanzo. Kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 250. Ingawa Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa Namanga mwaka 2018, kimepunguza foleni, bado ni saa nyingi za kukaa kitini. Mwulize daktari lini usafiri, na ukisafiri, shuka utembee kila gari linaposimama.

Leo anawashauri wenzake wapange wiki sita bila safari na wapate msaidizi anayejua wateja. Wakamilishe michango ya kikoba au chama mapema, na walipe madeni yanayoweza kulipwa kabla ya kulazwa. Gharama nayo ihesabiwe yote: vipimo, upasuaji, vitamini za kila mwezi na nauli za kurudi kliniki. Mwenye bima aombe jibu la maandishi kama inalipa, na kama inatambulika nje ya nchi yake.

Wiki sita za kwanza

Mlo hurudi kwa hatua. Huanza maji kwa funda ndogo ndogo, kisha vimiminika kama maziwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi usio na sukari. Baada ya wiki moja au mbili hufuata vyakula vilivyosagwa, halafu laini kama mayai, samaki na maharage yaliyopondwa. Chakula cha kawaida huanza kurudi karibu wiki ya sita hadi ya nane, kwa kiasi kidogo sana.

Kinachotangulizwa ni protini, walau gramu 60 kwa siku kwa wengi. Yai moja lina kama gramu sita, na glasi ya maziwa kama nane. Kwa hiyo mlo mdogo usipopangwa, protini haitimii na mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Maji nayo, kama lita moja na nusu kwa siku, hayanyweki kwa mkupuo tena. Chupa lazima iwe mkononi kutwa.

Hapo barabara humpa mtihani. Vituo vya magari vimejaa chipsi, mandazi, soda na juisi za sukari. Kwa baadhi ya waliopasuliwa, hasa wale wa kifuko kidogo, sukari nyingi hushuka kwenye utumbo ghafla: moyo hudunda, jasho hutoka, kizunguzungu na kuhara hufuata. Pombe nayo hupanda haraka kuliko zamani. Mama huyu husafiri na kikopo chake: mayai, maziwa mgando na dagaa wa kukaanga kidogo.

Mwenye kisukari awe makini zaidi. Sukari huweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, na kipimo cha zamani cha insulini kikamwangusha ndani ya basi. Dozi ipangwe upya na daktari, isipunguzwe kwa kubahatisha.

Vidonge vya maisha

Tumbo dogo halipati wala kufyonza virutubisho kama awali. Ndiyo maana vitamini mchanganyiko, vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu humezwa maisha yote, kwa dozi atakayopanga daktari. Chuma na kalsiamu hutenganishwa kwa saa mbili, na chuma hakimezwi na chai kwa sababu chai huzuia kisifyonzwe. Damu hupimwa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha walau mara moja kila mwaka.

Nywele hukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa wengi huota tena. Ngozi iliyolegea hairudi yote. Wanawake wafahamu kwamba uwezo wa kushika mimba huweza kurudi haraka, ilhali hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Baada ya upasuaji wa kifuko, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, hivyo ni bora kuuliza njia nyingine.

Dawa za maumivu zinazonunuliwa kiholela, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kutoboa vidonda tumboni. Mwambie muuza dawa kila mara kwamba umefanyiwa upasuaji huu.

Usisubiri hadi uvuke

Dalili hizi hazingoji kurudi kwenye hospitali iliyokupasua: moyo kwenda mbio, homa, maumivu makali ya tumbo au bega, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, kinyesi cheusi. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo nako ni dharura, kwa sababu mwili huishiwa vitamini B1 na mishipa ya fahamu ikaharibika. Ingia hospitali kubwa iliyo karibu, uwe upande wowote wa mpaka.

Na uwe na karatasi. Anayefanyiwa upasuaji mbali na kwao, iwe Nairobi, Dar es Salaam au India, aondoke na muhtasari wa ukurasa mmoja: aina ya upasuaji, tarehe, dawa anazotumia na namba ya daktari. Mama huyu ameukunja wake ndani ya pasipoti. Daktari wa Busia au Rusumo hawezi kujua ndani ya tumbo lako kumefanywa nini kwa kukutazama usoni.

Nusu ya mali kauli

Karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyomsaidia Eastleigh. Baada ya miezi miwili ya kulipa taslimu na kuchukua mzigo mdogo, alimwonyesha yule muuzaji wa zamani. Muuzaji aliisoma, akauliza maswali mengi, kisha akaomba namba ya daktari kwa ajili ya dada yake.

Tangu hapo anampa mali kauli ya nusu mzigo. Nusu nyingine hulipwa papo hapo.

"Ningewaambia mapema, kabla sijalazwa," anasema. "Watu wawili tu, wale ninaochukua mali zao. Wengine waseme wanavyotaka."

Dereva anaita abiria wa mwisho. Kijana wa mizigo amemaliza yai, na mabegi matatu yamekwishafungwa juu ya gari. Mwenyewe hajanyanyua hata moja. Anameza kidonge kwa funda la maji, anakiweka kikopo mkobani na kuomba kiti cha mlangoni, apate kushuka na kunyoosha miguu Longido.