Kamera iliyoiponza Houston na kumkosanisha mtazamaji na mwamuzi

JANUARI 13, 2020, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) iliitoza klabu ya Houston Astros faini ya dola milioni 5, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na kanuni zake. Kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow walifungiwa mwaka mzima bila malipo, na siku hiyo hiyo mmiliki wa klabu, Jim Crane, akawafukuza kazi wote wawili.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye picha ya televisheni. Katika msimu wa 2017, ambao Astros waliumaliza wakiwa mabingwa, picha za kamera iliyokaa mwisho wa uwanja zilikuwa zikipelekwa kwenye skrini iliyotundikwa hatua chache kutoka benchi lao. Waliokuwa mbele ya skrini hiyo walisoma ishara za vidole ambazo mdakaji wa timu pinzani alimpa mrushaji wake, kisha wakagonga pipa la takataka ili mwenzao mwenye gongo ajue ni mpira wa aina gani unaokuja. Mshindo ulimaanisha mpira wa kupinda au wa mwendo wa pole. Kimya kilimaanisha mpira wa kasi.

Pembe hiyo haikuwa ya kificho. Ni pembe ile ile ambayo mamilioni ya Wamarekani huitazama usiku baada ya usiku wakiwa sebuleni, na ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo besiboli yenyewe.

Kwa msomaji aliyezoea soka, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Kamera kuu ya soka hukaa juu ya mstari wa katikati na kuufuata mpira kushoto na kulia. Besiboli haina mwendo wa namna hiyo. Mrushaji husimama kwenye kichuguu, mita 18.4 kutoka kwenye bamba jeupe la raba lenye upana wa sentimita 43. Pembeni mwa bamba yupo mpigaji, nyuma yake amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji yupo mwamuzi. Mrusho ukipita juu ya bamba, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ni halali hata asipoupiga, na tatu za namna hiyo humtoa nje. Ukipita kando bila yeye kuujaribu ni batili, na nne humpa kituo cha kwanza bila jasho.

Sehemu kubwa ya mchezo, basi, ni mabishano ya watu wawili juu ya kipande kidogo cha hewa. Anayeiongoza matangazo lazima aamue mtazamaji akione kipande hicho akiwa wapi.

Hapo mwanzo aliwekwa nyuma ya mpigaji. Mechi ya kwanza ya ligi kuu kuonyeshwa kwenye televisheni ilikuwa ya Agosti 26, 1939, Brooklyn Dodgers dhidi ya Cincinnati Reds, katika uwanja wa Ebbets Field mjini New York. Kituo cha majaribio cha W2XBS kilikuwa na kamera mbili tu, moja upande wa kituo cha tatu na nyingine jukwaani, nyuma ya bamba. Mtangazaji Red Barber hakuwa hata na skrini ya kumwonyesha ni picha gani iko hewani, hivyo ikambidi akisie.

Kamera ya nyuma ya bamba ina faida yake, kwani mpira ukishapigwa hukimbia mbele ya macho na uwanja mzima huonekana. Lakini mtazamaji huona mgongo wa mwamuzi na mrushaji mdogo kwa mbali, wala hawezi kujua mrusho umepinda au umenyooka. Kiini cha mchezo kinampita.

Kituo cha WGN cha Chicago ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza kuihamishia kamera ng'ambo ya pili, nyuma ya mrushaji. Ilikuwa mwaka 1951, katika mechi ya watoto kwenye uwanja wa Thillens. Lenzi za kuvuta picha za mbali zilipozidi kuwa bora, pembe hiyo ilitoka kwenye majaribio ikawa picha kuu. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliowafuatilia vijana wa Lugazi, Uganda, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, waliwaona kwa pembe hiyo hiyo.

Cha ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1951, klabu ya New York Giants ilikuwa na mtu na darubini katika chumba kilichokuwa mwisho wa uwanja wa Polo Grounds, akisoma vidole vya wadakaji wa timu pinzani na kutuma habari kwa kengele ya umeme. Siri hiyo ilifichuliwa na mwandishi Joshua Prager katika gazeti la The Wall Street Journal mwaka 2001. Mwizi wa ishara na mwongozaji wa televisheni walikuwa wameligundua dirisha lile lile.

Dirisha hilo lina kasoro ambayo wengi wanaolitazama hawaifikirii. Kamera haikai nyuma ya mrushaji sawasawa. Ingekaa hapo kwa kimo cha kawaida, mgongo wake ungeziba bamba, mdakaji na mwamuzi kwa pamoja. Kwa hiyo husogezwa kando, kwa kawaida upande wa kituo cha tatu, ambao kwenye skrini ni kulia. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia, na hao ndio wengi, humaliza mwendo wake akiangukia kushoto mwa skrini, na hapo njia hufunguka.

Kusogezwa huko kuna gharama. Chukua mfano wa kamera iliyokaa nyuzi 10 nje ya mstari, na mrusho ulionyooka kabisa unaodakwa mita moja nyuma ya bamba. Hesabu ya kawaida ya pembe inaonyesha kwamba, machoni pa mtazamaji, mpira utaonekana umehama takriban sentimita 18 kwenda kulia kati ya bamba na glavu. Hiyo ni karibu sehemu mbili kati ya tano za upana wa bamba zima, na ni zaidi ya upana wa mipira miwili iliyopangwa sambamba.

Matokeo yake hujirudia kila usiku. Mrusho halali uliogusa ukingo wa kulia wa bamba huonekana umedakwa mbali nje, karibu na mwili wa mpigaji wa mkono wa kulia. Mrusho uliokosea upande wa kushoto huonekana umetua katikati. Mtazamaji hupandwa na hasira, humwita mwamuzi kipofu, ilhali mwamuzi aliyeinama nyuma ya mdakaji ndiye aliyekuwa kwenye mstari wa kweli. Jicho humwambia mtu mpira ulipodakwa, na sheria huuliza ulipopita.

Lenzi nayo huongeza udanganyifu wake. Kamera iko zaidi ya mita 120 kutoka kwenye bamba, na kwa umbali huo mrushaji na mpigaji huonekana na vimo vinavyokaribiana, kama watu waliosimama hatua chache tu kutoka kila mmoja. Zile mita 18 hukunjwa kama mkeka. Mpira wa kilomita 150 kwa saa, unaomfikia mpigaji kwa chini ya nusu sekunde, huonekana rahisi kuupiga.

Dawa ipo. Vituo vinavyoonyesha mechi za baadhi ya timu, zikiwemo za Boston na Minneapolis, vimewahi kuiweka kamera katikati kabisa au karibu na hapo, na kuipandisha juu ili ichungulie juu ya kofia ya mrushaji. Kushoto na kulia hunyooka. Lakini kamera iliyopanda juu hutazama chini, na hapo urefu wa mrusho, kama ni wa magotini au wa kiunoni, ndio unaokuwa mgumu kuupima. Aidha, katikati ya mwisho wa uwanja huachwa ukuta mweusi au wa kijani usio na watu, ili mpigaji auone mpira mweupe, na si kila klabu iko tayari kuruhusu vifaa vipachikwe hapo au kujenga jukwaa juu yake.

Mwaka 2001 kituo cha ESPN kilijaribu njia nyingine kwa kuanza kuchora kisanduku cha eneo halali juu ya picha. Kisanduku kimesaidia, ingawa nacho huzua ubishi, kwa kuwa kimechorwa bapa mahali bamba lilipo, na mpira huendelea na safari yake hadi kwenye glavu.

Si kila pembe ya besiboli ilipatikana kwa hesabu. Picha inayokumbukwa kuliko nyingi ilitokana na panya. Usiku wa Oktoba 21, 1975, Boston Red Sox na Cincinnati Reds walikuwa katika mchezo wa sita wa fainali, uwanja wa Fenway Park, na NBC ilikuwa imemweka mpigapicha Lou Gerard ndani ya ubao wa matokeo kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Katika kipindi cha 12, saa sita za usiku zikiwa zimepita, Carlton Fisk wa Boston aliupiga mpira juu. Mwongozaji Harry Coyle alitaka mpira ufuatwe. Gerard alisimulia baadaye kwamba panya mkubwa alikuwa karibu naye, hakuthubutu kujisogeza, akaiacha kamera kwa Fisk.

Kilichopatikana ni mtu mzima akirukaruka kando ya mstari, akiupungia mpira mikono yote miwili kana kwamba anausukuma ubaki ndani ya mipaka. Mpira uligonga nguzo ya mpaka, Boston wakashinda 7-6. Fainali yenyewe walikuja kuipoteza katika mchezo wa saba, lakini waongozaji walijifunza kitu, na tangu hapo uso wa mchezaji ukapewa kamera yake mwenyewe.

Wingi wa kamera uliwageukia waamuzi pia. Juni 2, 2010, mrushaji wa Detroit, Armando Galarraga, alikuwa amebakiza mtu mmoja tu kukamilisha mchezo mkamilifu, yaani wapigaji 27 mfululizo bila hata mmoja kufika kituoni. Mwamuzi Jim Joyce alitamka kwamba mtu wa 27 amewahi. Marudio yalionyesha wazi kuwa hakuwahi, na Joyce mwenyewe alikiri kwa uchungu baada ya kuitazama picha. Kanuni za wakati huo ziliruhusu marudio kwa mipigo ya kuvuka ukuta tu, hivyo uamuzi ukabaki. Mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya marudio, na makocha wakapewa haki ya kupinga uamuzi wa namna hiyo.

Uamuzi wa mrusho halali au batili ulibaki nje ya utaratibu huo kwa miaka mingi zaidi. Septemba 2025 ligi iliidhinisha mfumo wa kupinga maamuzi hayo kuanzia msimu wa 2026. Kila timu hupewa nafasi mbili za kupinga na huibakiza nafasi yake ikionekana ilikuwa sahihi. Anayeruhusiwa kupinga ni mpigaji, mdakaji au mrushaji, kwa kujigusa kichwani papo hapo. Kinachotoa jibu ni kamera 12 zilizozunguka uwanja, ambazo hukokotoa njia ya mpira angani. Picha ya nyuma ya mrushaji haimo katika hesabu hiyo.

Kuhusu vidole vya mdakaji, mwaka 2022 ligi iliruhusu kifaa kiitwacho PitchCom. Mdakaji hubonyeza vitufe, na mrushaji husikia sauti ndani ya kofia yake ikimtajia aina ya mrusho. Kamera ya Houston, kama zilivyo za viwanja vingine, ingali mahali pake mwisho wa uwanja, imesogezwa kando kidogo.